Kabla ya Kung'oa Nanga Shimoni

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa Kiswahili popote ulipo, leo nakualika katika hesabu ambazo darasa langu la hapa Busasamana limekuwa likizifanya tangu muhula ulipoanza. Tunapanga safari ya siku moja kwa mashua kwenda kisiwa cha Kisite, katika pwani ya kusini ya Kenya. Nasema siku moja, ingawa kuifikia siku hiyo kutatugharimu siku mbili au tatu za barabarani, na nyingine kama hizo za kurudi. Usishangae. Mtu wa nchi isiyo na bahari huianza safari ya baharini akiwa bado mlimani.

Busasamana iko upande wa kaskazini wa mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu, penye udongo mweusi wa volkeno na mashamba ya viazi na vitunguu yanayoishia mpakani mwa Kongo. Wanafunzi ninaokusudia kuwapeleka ni 18, na wote wametimiza umri wa miaka 16. Umri huo una uzito katika mpango wetu, kama utakavyoona. Kiswahili wanakisikia sokoni, kile cha Goma, kisemacho "batu" mahali pa "watu" na "bintu" mahali pa "vitu". Shuleni wanajifunza Kiswahili sanifu, lugha ambayo tangu mwaka 2017 imo katika orodha ya lugha rasmi za Rwanda. Lakini karibu wote hawajapata kukaa na mtu wa pwani wakamsikiliza akisema lugha yake mwenyewe kwa mambo yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mimi hufundisha uraia pamoja na lugha, na sijaona somo la uraia lililo wazi kuliko mahali ambapo sheria imesema: hapa usivue.

Mzazi mmoja alinijia akauliza kwa nini twende mbali hivyo, wakati Ziwa Kivu liko chini yetu na lina visiwa vyake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kiko kisiwa cha Tchegera, ng'ambo ya mpaka, ambacho ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa umbali, hicho ndicho kisiwa chetu. Lakini hali ya usalama upande huo hainiruhusu kuwapeleka watoto wa watu, na jambo hilo halihitaji maneno mengi. Tulikifikiria pia kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na ambacho huwapokea watoto wa shule za Unguja wakajifunza habari za matumbawe. Chumbe kingetufaa sana. Kilichotuzuia ni karatasi. Makubaliano yanayowawezesha raia wa Rwanda, Uganda na Kenya kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, yaliyoanza kutumika mwaka 2014, yalifanywa na nchi hizo tatu, Tanzania haikuwamo. Pasipoti 18 zingekula fedha zetu zote kabla hatujaliona hata basi.

Basi niliwaambia wanafunzi watoe indangamuntu zao, waziweke juu ya dawati. Kadi hiyo kila Mnyarwanda huipata anapofikisha miaka 16, na kwa wengi wao kazi yake mpaka sasa imekuwa kusajili laini ya simu. Niliwaomba wasome kila neno lililoandikwa juu yake, kisha nikawaambia kwamba kwa kadi hiyo mtu anaweza kutoka hapa, akapita Cyanika au Gatuna, akaivuka Uganda yote, akaingia Kenya, akafika mpaka kwenye maji ya chumvi. Palikuwa na kimya. Nadhani ndiyo mara ya kwanza neno "jumuiya" lilipata uzito mkononi mwao. (Usiache kubeba kadi ya chanjo ya homa ya manjano na barua ya idhini ya mzazi. Afisa wa mpakani hana wajibu wa kuliamini tabasamu lako.)

Sasa niseme habari za mahali penyewe. Kisite iko mbele ya kijiji cha Shimoni, katika kaunti ya Kwale, kama kilomita 80 kusini ya Mombasa. Jina Shimoni ni zawadi kwa mwanafunzi wa sarufi: ni shimo, pamoja na kiambishi cha mahali, kwa sababu ya mapango yaliyomo katika mwamba wa pwani hiyo. Mbele yake kuna kisiwa cha Wasini wanakoishi watu, kisha, ukiendelea kwenda bahari kuu, visiwa vidogo: Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, na Kisite penyewe, ambapo matumbawe, samaki wa rangi, kasa na pomboo hulindwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Ukitazama ramani utaona mstari unaoligawa eneo hilo mara mbili. Upande wa Kisite ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 28, ambamo hakuna uvuvi wa aina yoyote. Upande wa Mpunguti, kilomita za mraba 11, uvuvi wa jadi unaruhusiwa: mtu aweza kutega dema, ule mtego uliosukwa kama kikapu, au kutupa mshipi wenye ndoana.

Nilipokuwa nikiuchora mstari huo ubaoni, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono. Baba yake huvua sambaza katika Kivu, katika zile mashua tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambazo wageni huzipiga picha jioni. Aliuliza: "Mwalimu, wavuvi wa huko waliulizwa kabla mstari huo haujachorwa?"

Darasa liligeuka kumtazama. Alikuwa akisema kitu anachokijua. Kila mwaka serikali yetu huufunga uvuvi wa Kivu kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaane, na katika miezi hiyo nyumba ya mvuvi huishi kwa kukopa. Hakuna nyumbani kwao asiyekubali kwamba samaki wanahitaji kupumzika. Baba yake mwenyewe husema kwamba nyavu hurudi nzito baada ya kufunguliwa. Lakini kukubali ni jambo moja, na kujua unga utatoka wapi ni jambo jingine.

Nikawasimulia ninayoyajua. Mwaka 1973, serikali ya Kenya ilipolitangaza eneo hilo kuwa hifadhi, wavuvi walipinga, maana maji yaliyofungwa ndiyo waliyokuwa wakivua wao na wazee wao. Upinzani haukupotea hewani. Mwaka 1978 mipaka ilichorwa upya, na ndipo Mpunguti ilipotengwa kwa masharti mepesi, ili uvuvi wa jadi uendelee. Kwa hiyo mstari ule ubaoni haukutoka katika kitabu cha elimu ya samaki peke yake. Ni alama ya mabishano, na kila upande uliacha kitu ndani yake.

Msichana hakuridhika. Alisema kwamba kusikilizwa baada ya kulalamika si sawa na kuulizwa kabla. Sikumpinga, kwa sababu ni kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, lakini mwaka 1973 hapakuwa na kifungu cha namna hiyo cha kushika mkononi. Mwanafunzi mwingine akatukumbusha kwamba hata sisi tuna hifadhi jirani, ile ya Volkeno, na kwamba asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za Rwanda hurudi kwa watu wanaozizunguka. Hadi 2017 ilikuwa asilimia 5. "Basi na sisi tuulize," akasema, "fedha tutakayolipa kuingia Kisite inakwenda wapi." Tukaliandika swali hilo katika daftari la safari, ukurasa wa kwanza, juu ya hesabu ya nauli.

Hapo nikasimama kidogo kwenye neno lenyewe, nawe msomaji unisamehe, maana ni kazi yangu. Kuhifadhi, katika matumizi ya pwani, si kufungia kitu tu. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni neno kwa neno. Kitu kilichohifadhiwa kina mtu aliyekibeba. Ukisikia "hifadhi ya bahari" bila kufikiri ni nani anayeibeba, umesikia nusu ya neno.

Tuliafikiana tangu siku ile kwamba hatutapitia kwa wakala wa mjini. Tungetafuta nahodha wa Shimoni au wa Wasini, mtu anayelala karibu na maji hayo, na sehemu kubwa ya fedha yetu ibaki huko. Nahodha tulimpata kupitia kwa mwalimu mwenzangu wa Kwale. Nikampigia simu mbele ya darasa, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. "Shikamoo, nahodha," walisema kwa pamoja, naye akaitika "Marahaba, wanangu" kwa furaha iliyosikika mpaka huku kwetu mlimani. Kisha akauliza: "Mwaja lini? Mwezi wa ngapi?"

"Wa 12!" mvulana mmoja akajibu haraka.

Nahodha akacheka, akaeleza kwa upole. Hakuuliza habari ya Desemba. Aliuliza mwezi wa angani utakuwa na umri wa siku ngapi siku tutakayofika, maana kwake yeye mwezi huo ndio ratiba. Kwa nusu saa tulisahau kwamba tuko kwenye simu, tukawa tumeketi ufuoni.

Ewe uliyelelewa kando ya ziwa, hebu lifikirie jambo hili. Kivu haijai wala haipwi kwa mwezi. Jiwe ulilolikalia jana utalikuta leo pale pale, na maji yakiligusa pale pale. Bahari ya Hindi katika pwani ile hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na katika siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita nne, kimo kinachozidi dari la darasa letu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ya nyakati hizo, mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo huitwa maji mafu. Tena saa ya kujaa haikai mahali pamoja. Kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Anayesema "tutaondoka saa tatu asubuhi" bila kuutazama mwezi hajasema kitu.

Kwetu sisi, ambao wengi hawajui kuogelea, hesabu ikawa hivi. Karibu na kisiwa kuna fungu la mchanga linalojitokeza maji yanapopwa. Nahodha alishauri tufike siku chache baada ya mwezi mpevu, bamvua linapoanza kupungua. Wakati huo maji hupwa karibu na adhuhuri: fungu huwa wazi, jua liko juu, na asiyejua kuogelea anaweza kusimama katika maji ya kiunoni, akavaa miwani ya kuzamia na kuchungulia chini bila kuacha mchanga. "Asikanyage matumbawe," aliongeza, na hapo sauti yake haikuwa ya mzaha. Tumbawe linafanana na jiwe, lakini ni viumbe hai wengi wadogo walioshikamana, wanaojijengea nyumba ya chokaa kidogo kidogo. Unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka.

Kisha pepo. Nilikuwa nimetamani likizo ndefu, ile ya Julai na Agosti, kwa kuwa ina nafasi ya kutosha. Nahodha aliikataa kwa neno moja: kusi. Upepo huo wa kusini huvuma tangu kama Aprili hadi Septemba, na katikati ya msimu wake bahari ya nje huchafuka hata mashua nyingi zikakaa. Kaskazi, inayoanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Machi, ndiyo yenye bahari tulivu na maji ya kuonekana chini. Kwa hiyo kalenda ya wizara ya elimu ilibidi iinamie kalenda ya pepo. Tumechagua likizo fupi ya Desemba, baada ya Krismasi, ingawa nauli za siku hizo ni kali na mabasi hujaa. Naona ni bei inayostahili kulipwa. Afadhali kusongamana Kampala kuliko kutapika katika mawimbi ya kusi.

Juu ya usalama wa chombo sikubali mjadala, na hapa nakuomba, msomaji, unisikilize hata kama huna mpango wa kwenda popote. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kikiwa kimekaribia kabisa kufika. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kila abiria aliyepanda siku ile aliona kwamba kimejaa, na ninaelewa kwa nini hakuna aliyeshuka: kivuko kingine hakikuwapo, na mtu mmoja huona haya kuuliza mbele ya wengi. Haya hiyo ndiyo ninayotaka kuiondoa kwa wanafunzi wangu. Kwa juma zima tumefanya mazoezi ya sentensi tatu, kila mmoja kwa zamu akisimama mbele ya mwenzake aliyejifanya nahodha mkali: "Samahani, nahodha, chombo hiki kimeruhusiwa kubeba watu wangapi?" "Tafadhali, naomba jaketi langu la kuokoa maisha kabla hatujaondoka." Na ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote kwa kijana aliyelelewa kwa heshima: "Mimi nitashuka." Sarufi yake ni rahisi. Mdomo ndio unaokataa.

Nahodha wetu, tulipomsomea sentensi hizo kwenye simu, hakukasirika. Alijibu ya kwanza papo hapo, akasema mashua yake ina kibali cha abiria 25, na kwamba sisi tutakuwa 20 pamoja nami na mzazi mmoja, asipunguze wala asizidishe.

Habari ya fedha nitaipitia upesi. Bahari ni nafuu. Barabara ndiyo ghali. Mashua, miwani na chakula cha mchana huko Wasini, vikigawanywa kwa watu 20, ni kidogo ukivilinganisha na mabasi ya Kigali hadi Kampala, Kampala hadi Nairobi, kisha treni ya kushuka Mombasa. Feri ya Likoni, mwenda kwa miguu havutozwi kitu. Ada ya kuingia hifadhini KWS haiipokei kwa fedha taslimu. Hulipwa kwa mtandao kupitia mfumo wa eCitizen, nasi tutalipa mapema na kubeba risiti iliyochapishwa, kwa sababu simu hufa chaji palepale inapohitajika. Vitunguu vya shamba la shule vimetuletea theluthi ya fedha. Sehemu nyingine wazazi wameahidi baada ya mavuno ya viazi, na ahadi ya mkulima hutegemea mvua.

Lililobaki lilikuwa swali la ukurasa wa kwanza. Darasa liliamua kuwaandikia barua wavuvi wa Shimoni wenyewe, kupitia kikundi chao cha usimamizi wa ufuo, kuomba wakae nasi baada ya safari. Barua iliandikwa mara tatu. Ya kwanza ilisema "tunataka kuwauliza", nami nikaonyesha kwamba kwa wazee wa pwani neno "tunataka" ni kama kugonga mlango kwa teke. Ya mwisho ilianza kwa salamu, ikaeleza sisi ni nani na ziwa letu liko wapi, ikataja kwamba nasi tuna wavuvi wanaofungiwa maji, kisha ikasema: "tungependa, kwa idhini yenu, kusikia mliyoyapitia".

Jibu lilikuja juma lililopita, kwa ujumbe wa sauti. Mzee aliyezungumza alisema watatupokea baada ya sala ya Alasiri, chini ya mti karibu na gati, na kwamba watasema yote, ya uchungu na ya faida. Wako, alisema, wavuvi wanaokiri kwamba samaki waliokua ndani ya Kisite hutoka nje na kuingia katika madema yao. Na wako wasiotaka kulisikia jina la hifadhi hata leo. Tutawasikia wote wawili. Kisha akaongeza swali lao kwetu: katika miezi miwili ya kufungwa kwa Kivu, mvuvi wa kwenu hupewa nini mkononi?

Kwa kuwa mazungumzo ni baada ya Alasiri, ni lazima tuwe tumerudi gatini ifikapo saa tisa. Nahodha amesogeza saa ya kuondoka. Sasa tutang'oa nanga saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yanapwa. Na msichana wa dawati la nyuma ameomba ruhusa ya Ijumaa kushuka Gisenyi, akamwulize baba yake jibu.